Vifungo

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi manispaa hunipa
tambara, kopo la nta, ngazi ya futi sita
na orodha ya watu mashuhuri.
Kumi na tisa. Nimewasugua nyuso
miaka ishirini na miwili,
hakuna hata mmoja aliyenisalimu.

Naanza na Mahakama, kwa kuwa asubuhi kuna kivuli.
Kuba lake lilipigwa radi mwaka niliozaliwa,
likaezekwa bati pale palipokuwa na shaba,
na saa yake husema saa kumi na dakika kumi
asubuhi, usiku, siku ya mazishi, siku ya mpira.
Sisi wa Pelham Landing hatuulizi tena.
Tukichelewa kazini tunainyooshea kidole.

Jumba la Opera sasa linauza matairi.
Bamba linasema: HAPA ALIIMBA BI CORDELIA FENNIMORE,
KINANDA CHA MISISIPI, USIKU TATU MFULULIZO.
Halisemi kwamba usiku wa tatu hakulipwa,
akavuka mto na pazia la jukwaa ndani ya sanduku lake.
Hilo nimelipata kwa Burl Haskett wa matairi,
naye kwa shangazi yake, aliyefagia ukumbi,
akaona kamba zinaning'inia.

Daktari Ostrander, nyumba ya matofali, kilimani:
ALIPAMBANA NA KIPINDUPINDU.
Kweli alipambana. Alipiga hodi kila mlango
hadi pale lami inapoishia.
Huku chini, kwenye matope,
hodi ilipigwa na kifo chenyewe.

Halafu August Reinke.
Bamba lake ndilo kubwa, hunywa nta nusu kopo.
MWASISI, MFADHILI, BABA WA KIFUNGO CHA LULU.
Kome waliopolewa mtoni kwa mashua,
wakachemshwa, wakatobolewa;
kifungo kikapanda treni kwenda New York,
kikakaa shingoni pa bwana harusi asiyetujua,
kombe likabaki, na matundu yake.
Walilimwaga barabarani, wakajengea misingi.
Mpaka leo, ukipanda nyanya uani
jembe litakutolea kombe lenye matundu sita,
linakutazama.

Bibi yangu, Odessa Tillery, alikuwa mashine ya saba.
Dazeni ya bwana Reinke ilikuwa na vifungo kumi na vinne,
maana kila tajiri ana hesabu yake.
Vumbi jeupe lilimkaa kifuani kama unga.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Kilichomla bibi kilikuwa nguoni mwa wengine.

Majira ya baridi, 1911, akazima mashine
akapanda juu ya pipa.
Alisema nini? Hakuna aliyeandika,
nami sitamtungia maneno.
Najua tu kwamba mashine zikanyamaza mpaka ya arobaini,
na kwamba aliyetoboa vifungo miaka sita
hakimu alimtobolea chake kimoja:
miezi minne, ndani ya Mahakama hiyo hiyo
yenye kivuli kizuri asubuhi.

Hayumo kwenye orodha. Nilishauliza.
Karani alinijibu kwa upole
kwamba shaba imepanda bei.

Jana nikafika kituo cha treni, namba kumi na tisa,
nikakuta wezi wa vyuma chakavu wamenitangulia.
Bamba hakuna. Yamebaki matundu ya skrubu kwenye tofali,
mawili juu, mawili chini.
Nikajaribu kukumbuka lilikuwa la nani.
Gavana? Mwanajeshi? Yule wa mbegu za mahindi?
Miaka ishirini na miwili nimemfuta vumbi puani
na jina limenitoka.

Treni ya nafaka ikapita, mabehewa mia na kitu.
Ukuta ukatetemeka, na yale matundu manne nayo,
kama kifungo kinachosubiri uzi.

Nikachovya tambara.
Nikasugua katikati ya matundu, taratibu,
mpaka tofali likaanza kung'aa.
Kisha nikatoa kalamu,
kwenye orodha, mbele ya namba kumi na tisa, nikaandika:
imefanyika.