Hodi Elfu Mbili

Jumamosi, dukani mjini Jinja,
Kirunda ananipangia visanduku juu ya kaunta
kama muuza viatu:
hiki cheusi chenye antena nne,
hiki cheupe, chembamba, hakipigi kelele,
na hiki cha bei ambayo nikiitaja nyumbani
nitaulizwa ada ya muhula italipwa na nani.
"Halafu kila mwaka unalipia tena,"
anashusha sauti hapo, kama daktari.

Ukuta wa moto. Nani aliupa jina hili?
Nimeishi Walukuba miaka thelathini na moja.
Kuta ninazozijua zina vipande vya chupa juu,
zina mchongoma, zina mlinzi anayekoroma.
Ukuta ukishika moto, sisi huita majirani.

Ninachokilinda si kikubwa, usicheke:
kompyuta moja yenye daftari la akiba
la wasaga mahindi sitini na wanne,
simu tatu, televisheni ya Taaka,
na kamera ya getini, niliyoinunua
wiki ile walipoiba kuku wa Were.

Ochwo, fundi, alivikataa visanduku vyote.
Akaja na kompyuta kuukuu ya shule, haina kifuniko,
feni yake inalia kama inzi ndani ya chupa,
akaiweka kati ya waya wa nje na nyumba yangu.
"Programu ni ya bure. Kazi ndiyo ghali.
Kanuni utaziandika wewe. Nyumba ni yako."

Asubuhi akanionyesha orodha.
Hodi elfu mbili kabla ya jogoo.
Hodi, mlango namba ishirini na mbili.
Hodi, namba themanini.
Hodi kwenye milango ambayo sikujua ninayo,
kutoka miji ambayo ulimi wangu hauiwezi,
na hakuna hata mmoja aliyesema ametumwa na nani.

"Unataka wajibiwe vipi?
Kuna kukataa: unamwambia hapana, rudi.
Na kuna kunyamaza: asijue kama humu mna mtu."

Nikacheka, Ochwo hakuelewa kwa nini.
Nimelelewa kwamba hodi hujibiwa karibu
hata sufuria ikiwa tupu.
Lakini aliyenilea ni Nabwire,
ambaye mkusanya kodi akigonga, tarehe tano,
alizima redio,
akatufunika midomo kwa viganja vyake vyenye harufu ya vitunguu,
watoto wanne chini ya meza moja,
mpaka viatu vikaondoka.

Andika kunyamaza, nikamwambia.

Jumatano tukaigeuza orodha,
tukasoma wanaotoka.
Sikuwa nimefikiria wanaotoka.
Saa nane za usiku, kila usiku,
kamera yangu, niliyoilipia ilinde,
ilikuwa inapeleka kitu mahali, kidogo kidogo,
kama panya anavyohamisha mahindi ya kinu:
geti langu, saa ninayofungua,
Taaka na sare yake ya shule.
Nilikaa nikiitazama pale juu ya nguzo.
Taa yake nyekundu haikupepesa.

Tukaifungia ndani. Ione, isiseme.
Kisha nikaandika kanuni ya mwisho,
ile inayokaa chini kabisa ya nyingine zote:
yeyote ambaye hakutajwa hapo juu, asipite.
Niliifuta mara mbili. Ni maneno magumu
kwa mtu aliyezoea kuongeza maji kwenye mchuzi.

Na juzi, mchana kweupe, simu.
Sauti laini, imeniita mama,
imelijua jina langu la ubatizo,
imelijua deni la wasaga mahindi mpaka shilingi ya mwisho,
inaomba tu namba ya siri, inisaidie.
Kule pembeni feni ya Ochwo inalia, inalia,
inalinda milango yake yote
isipokuwa huu.
Tarakimu ya kwanza nilikuwa nimeshaitamka.

Nikaizima redio.
Nikaweka kiganja changu mdomoni,
kilikuwa na harufu ya vitunguu,
nikangoja viatu viondoke.