Uzoefu wa Kazi, Eleza kwa Ufupi

Fomu imeacha mistari miwili tu.
Wa kwanza nimeandika: kuuza muda wa maongezi
na kutuma pesa, kibandani Awindiri, miaka sita.
Wa pili nimeuacha wazi, kalamu ikaning'inia,
maana usiku ule wa Oli hauenei mstarini.

Karakana ya Onzima ilishika moto saa nane:
mbao, gundi, vitanda vya harusi za watu.
Nilipiga tisa mara tatu. Mtu akapokea,
mtu mwenye usingizi na adabu, akaniuliza
mtaa gani, nyumba nambari ngapi.
Nambari!
Oli ina bomba lililopasuka tangu Pasaka,
ina msikiti wa bati la kijani, ina mama
anayekaanga mihogo kwa mkono wa kushoto;
mtoto yeyote angekuonyesha njia, ukiwa na macho.
Simu haina macho.
Gari likaenda mpaka Mvara, likageuka,
likafika kumwagia majivu maji.
Onzima amesimama, kitasa mkononi,
mlango wenyewe haupo.

Simlaumu yule mpokeaji. Nilimwaza mwezi mzima,
kisha nikanunua daftari la kurasa tisini na sita.
Kila aliyekuja kutuma pesa nilimuuliza:
kwako, mgeni akija usiku, unamwelekezaje?
Wengine walidhani nimetumwa na watu wa kodi.
Ajiga wa boda alinichorea kwa mkaa, ukutani,
vichochoro ambavyo hata mbuzi huviogopa.

Mwenyekiti wa LC alitaka elfu tano ya muhuri.
Picha mbili za pasipoti; kwenye zote nimefumba jicho.
Kaka yangu akasema: kazi ya kusikiliza vilio?
Na jina lako lilivyo, Candiru, shida tupu!
Nikamjibu, basi shida na shida zitaelewana.

Siku ya usaili tulikuwa sita kwenye benchi.
Kiswahili chao cha kambini, changu cha sokoni,
tukakutana katikati, tukapeana mikono.
Mezani simu ya waya, rangi ya maziwa yaliyolala.
Afisa akatoka nje na simu yake ya mkononi,
akanipigia, akijifanya mwanamke anayeunguliwa.
Alilia vibaya, kama mtu anayesoma kilio.
Nikasema: nipo. Niambie unaona nini.
Akanyamaza.

Wenzangu, nilisikia kupitia mlango,
walisema haloo, haloo, haloo, wakakata.
Mimi nikanyamaza naye.
Nyuma ya ukimya wake kinu kilikuwa kinasaga,
na mtu anagonga rimu kwa nyundo,
mara mbili, anapumzika, mara mbili.
Nikasema: mama, uko nyuma ya kambi,
kati ya kinu cha posho na fundi wa magurudumu.
Gari linatoka sasa hivi. Toa watoto.
Acha godoro. Nasema liache.
Usikate simu.

Muda ukapita.
Kisha afisa, kwa sauti yake mwenyewe:
godoro limetoka wapi? Sikutaja godoro.

Ningemwambia habari za mke wa Onzima,
aliyekwisha kutoka, aliyekuwa salama barabarani
na khanga yake na watu wakimshika,
akakumbuka pesa alizozishonea ndani.
Nikasema tu: Oli, afande.
Akaandika kitu. Sikuweza kukisoma kichwa chini.

Watanipigia, wamesema. Wiki ya tatu hii.
Silali mbali na chaji.
Jana saa nane ikalia, nambari nisiyoijua,
pumzi ndogo, haraka haraka, hakuna neno.
Nikakaa kitako gizani. Nikauliza: unaona nini?
Mtoto, na simu aliyomwibia mama yake.
Akafikiri kwanza.
Akasema: paka.
Nikauliza: paka yuko wapi?