Ada ya Wito

Boila ilikata roho alfajiri, katikati ya Januari.
Ghorofa ya nane, Debrecen, vioo vimeota barafu kwa ndani,
nami nasahihisha mitihani ya darasa la saba
ndani ya koti, na glavu nilizozikata vidole.
Nikampigia fundi.

Saa nne akafika, akavua buti mlangoni
kama mtoto aliyechelewa.
"Mwalimu Ildikó, hunikumbuki?"
Nilimkumbuka. Botond Szilvási, dawati la mwisho,
siku zote karibu na kipasha joto,
aliyenichorea farasi kwenye mtihani wa sehemu
pale nilipotaka jibu.
Farasi alikuwa mzuri. Nilimpa moja.

Akapiga magoti. "Robo tatu ukitoa thumni,"
alijinong'oneza, "thumni tano,"
akachomoa spana bila kutazama.
Akafungua, akapuliza, akabadili kitu
kidogo kama kifungo cha shati,
na nyumba ikakohoa, kisha ikapumua.
Dakika arobaini.

Alipoandika risiti niliisoma juu chini,
ndio ufundi wetu walimu:
kifaa, elfu kumi na nane;
kazi, elfu ishirini na mbili;
ada ya wito, elfu kumi na mbili.

Ada ya wito!
Miaka thelathini na moja naambiwa ualimu ni wito.
Kila Juni, pamoja na maua: wito.
Kila tuombapo nyongeza: jamani, si ni wito?
Hakuna aliyenidokeza kwamba wito una ada,
kwamba mtu huitwa, akaitika,
na kwa kule kuitika tu akalipwa
kabla hajagusa bomba.

Elfu hamsini na mbili. Siku tatu za chaki.
Sikumwonea kijicho.
Nilimwonea, kidogo, kama mtu anavyoonja chumvi.
Boglárka, mtoto wa dada yangu, hukagua betri kiwandani,
analipwa karibu mara mbili yangu
na hajawahi kurudi nyumbani na betri begani
azisahihishe hadi saa sita usiku.
Csenge wa fizikia alivuka mpaka, anabeba sahani hotelini Graz,
bahshishi zake zinakula mshahara wangu na kuomba kitindamlo.
Tangu Septemba fizikia anafundisha mwalimu wa michezo.
Anajua kwamba mpira ukirushwa hushuka.
Basi.

"Kwako wewe," Botond akasema, "asilimia kumi na tano chini."
Akashika penseli, ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo,
kama zamani. Akaandika, akafuta, akaandika.
"Thelathini na nne elfu na mia mbili."

Boila ilinguruma taratibu.
Nililiona kosa kabla hajainua penseli.
Elfu kumi: treni hadi Szeged kwa mama, kwenda na kurudi,
na keki ya mbegu za mpopi anayoipenda.
Nyamaza, Ildikó. Mara moja tu maishani, nyamaza.

Lakini kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi.
"Botond, umekopa kumi mara mbili.
Tano ikikopesha moja hubaki nne, si tatu."
Nikaizungushia ile tatu duara.
Arobaini na nne elfu na mia mbili.
Masikio yake yakaiva, yale yale ya miaka kumi na miwili.
"Ungeacha tu, Mwalimu," akasema polepole,
akazihesabu noti zangu, akafunga buti,
akaniachia namba yake ya simu, "hata usiku."

Nilirudi mezani. Vioo vilianza kutoa jasho.
Nikavua glavu, nikachukua karatasi ya kwanza,
swali la tatu, sehemu,
na hapo tu ndipo nikasikia tena:
robo tatu ukitoa thumni,
magotini, bila penseli, bila kusita.

Nikakimbilia mlangoni na soksi.
Lifti ilikuwa imeshashuka.