Shule ya Jumapili, Siku ya Ijumaa

Huku Ghala, Jumapili yetu huangukia Ijumaa.
Watoto wamekwisha kuzoea. Mimi, mwaka wa sita,
ulimi bado hunikwama kwenye kalenda.

Chumba namba saba ni chetu saa mbili hadi tatu na nusu.
Wafilipino wakitoka na magitaa yao
sisi twaingia,
na Wamalayali huja mapema kusubiri mlangoni.
Vitabu vya kupaka rangi nimeviacha kabatini.
Leo nimebeba mabeseni matatu,
taulo za hospitali zilizochakaa lakini safi,
na mche wa sabuni nilioukata kwa uzi.

"Vueni viatu."
Hapo ndipo somo lilipoanza.
Harufu ya soksi, vicheko, kusukumana.
Jeptoo ana plasta ya katuni kwenye kidole gumba.
Mwakio anakalia mguu wenye soksi iliyotoboka.
Nsajigwa, miaka mitano, amevua mpaka shati.

Nikafungua bomba la baridi.
Mwezi wa Agosti baridi yake ni ya jina tu:
tangi liko juu ya paa, na jua la huku halina likizo.
Barasa, tuliyemchagua awe Petro,
alichovya kidole, akakichomoa,
akasahau yote tuliyokariri:
"Mimi sioshwi. Labda yapoe."
Sikumsahihisha. Petro naye alikuwa na sababu zake.

Nikatoka uani. Gari la maji lilikuwa linajaza tangi,
dereva, Zahoro, kajiegemeza kivulini mwa gurudumu.
Nikamwomba barafu kwa Kiarabu changu cha sokoni.
Akanijibu kwa Kiswahili cha Wete, alikozaliwa mamaye:
"Barafu ya n'ni, dada?"
"Ya maji ya kutawadha watoto miguu."
Akanitazama. "Kutawadha? Neno hilo nanyi mnalo?"
"Limo kitabuni."
"Sisi limo bombani," akasema, "mara tano kwa siku."
Akafungua friji lake la plastiki, akanipa mfuko mzima,
akabaki na chupa moja ya laban iliyokwisha kupata moto.

Basi wakatawadhana.
Jeptoo alihesabu vidole vya Barasa kwa sauti,
akarudia, kana kwamba kimoja kingeweza kutoroka.
Mwakio, soksi imejulikana na dunia haikuisha,
alisugua kama mtu anayeosha mchele,
akamwaga maji ya kwanza, akatia mengine.
Nsajigwa alikula barafu.

"Na wewe, mwalimu?"
Nikasema muda umekwisha. Haukuwa umekwisha.
Nimetoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili,
nimegeuza miili ya watu, nimeipangusa, nimeivisha;
miguu yangu mwenyewe huwa naivulia viatu gizani.
Lakini Wakesho alikuwa ameshapiga magoti,
Wakesho ambaye tangu baba yake ahamishiwe kazi Duqm
hajibu hata anapoitwa jina.

Akakishika kisigino changu kwa mikono miwili.
"Kina barabara," akasema.
Wenzake wakanyamaza.
Akachagua ufa mmoja, ule mrefu,
akaufuata kwa kidole chenye povu, taratibu,
akapinda nao pale unapopinda.
"Hii inakwenda Duqm."
"Ni mbali?" nikamuuliza.
"Siyo sana. Kuna mchanga tu hapa."
Akausugua ule mchanga.

Wamalayali wakabisha hodi.
Tukakokota mabeseni mpaka kwenye mwarobaini wa getini,
mti ukanywa sabuni, barafu na vumbi letu.
Viatu vilivaliwa ovyo; Barasa kaondoka
na soksi moja isiyo yake.
Nikasimama kuwatazama wakikimbilia magari ya wazazi,
wengine bado pekupeku, nyayo zimelowa kwenye saruji:
ya kwanza ilikauka
kabla ya ya sita kukanyagwa.