Kitanda cha Pili

Tulikinunua kwa ajili ya macho ya watu.
Cha chuma, kimetumika, soko kuu la Jinja;
tukakipaka buluu na kukitandika vizuri kupita chetu.
Mwenye nyumba huchungulia. Mwenyekiti wa mtaa huhesabu.
Wanawake wawili, vitanda viwili:
hesabu imekubali.

Usiku hulala mabango pale,
MIEZI MITATU BILA MSHAHARA, rangi bado mbichi,
na kopo la michango ya chama, lililokuwa la sadaka
kabla kanisa halijajinunulia jipya.
Msalaba wake niliuchora mimi kwa rangi ya kucha,
nina miaka kumi na miwili, nampenda Yesu hadi nakosa usingizi.
Bado nampenda. Nasema mapema,
asije mtu akanipunguzia.

Naigaga ni jina la thelathini na saba kitabuni mwangu.
Alitia sahihi kwa kushoto, wino ukamchafua kiganja.
Nikampa pamba ajifute.
Pamba ndiyo tuliyo nayo: kwenye nyusi, kwenye uji,
kwenye kikohozi cha zamu ya usiku.

Jumapili ile mchungaji alipandisha sauti.
Akasema sisi ni ugonjwa ulioletwa kwa ndege.
Mimi! Sijawahi kuvuka hata daraja la Nile
bila kuomba ruhusa kwa msimamizi.
Mwenye kiwanda alikaa benchi la mbele.
Hakutajwa.

Jumatatu nikapeleka uchungu wangu kwenye kamati.
Katibu Wanyama akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Dada, tushinde mishahara kwanza. Hayo, baadaye."
Baadaye.
Neno hilo nalijua, lina dawati lake ofisi ya meneja,
lina mimbari yake pia.

Hivyo kanisani naacha kitandani nusu yangu,
chamani naacha nusu nyingine,
na nyumbani tunafunga dirisha, tunaimba tenzi kwa kunong'ona,
sauti ya pili yake, ya kwanza yangu,
redio ikilia juu ili kutuficha.

Ila nakushukuru, Bwana, kwa Kiswahili chetu cha Walukuba,
kisichouliza mke au mume.
*Mwenzangu*, nasema mkutanoni, na wote wanapiga makofi.
*Mwenzangu*, nasema katika sala, na wote wanaitika amina.
Neno moja, nami nimejificha ndani yake
kama sindano kwenye pindo.

Siku ya tisa ya mgomo mvua ilitukuta getini.
Naigaga alileta mihogo ya kuchemsha kwenye beseni.
Mzee Owor, mzee wa kanisa, fundi wa mitambo,
mtu aliyenuna tangu uhuru,
alishika muhogo, akafumba macho, akaumega,
akapitisha kushoto, akapitisha kulia.
Kisha akaniuliza, bila kupunguza sauti:
"Na mwenzako, amekula?"

Alivyolitamka.
Nilitazama matope kwa muda mrefu.

Leo wamemtolea vyombo nje kwa deni la kodi.
Tumeyahamisha mabango chini ya meza.
Amepiga magoti sakafuni, magoti yake yakilia kuliko kitanda,
akatuombea kwa majina, letu na letu, akiyafuatanisha
kama mchungaji asomavyo matangazo ya ndoa.
Sasa anakoroma.
Mwenye nyumba akichungulia kesho
sijui atahesabu nini.