Sentimita Thelathini na Nane

"Kunja," akasema Daktari Hesketh, nikakunja.
Msuli ukapanda kama mkate jikoni,
akarudisha kichwa nyuma, akacheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyefungua kabati
akakuta ukuta.

"Sasa legeza. Zaidi. Legeza."
Sikujua namna. Miaka tisa nainua wazee
pale Harehills, kutoka kitandani hadi kitini,
kutoka kitini hadi chooni, na kurudi;
hata nikilala mikono inabaki zamu.

Kliniki iko Headingley, juu ya duka la miwani.
Mvua ya Novemba inakwangua dirisha.
Akanifinya nyuma ya mkono kwa vidole viwili,
taratibu, kama anayepima uzito wa kitenge dukani.
"Haya ni mafuta." Akaachia, akashika ndani zaidi,
pagumu. "Na hapa hakuna changu."

Kalamu ya zambarau. Duara moja karibu na kwapa,
la pili juu ya kisugudi, dogo kama yai la kwale.
Begani hakugusa. Nikamwonyesha: na hapa je?
"Hapo nikifyonza utatoka na mkono wa bondia.
Hayo mafuta machache ndiyo shuka lako.
Nikilivuta, kila kilicholala chini kitaamka."

Akaandika: nyuma tu, mililita mia na hamsini kila upande,
mbele paachwe, ipimwe tena mkono ukiwa umekunjwa.
Thelathini na nane itakuwa thelathini na sita na nusu.
Labda.

Sentimita moja na nusu.
Nikapiga hesabu: pauni elfu nne na mia mbili,
wiki sita bila kuinua hata ndoo,
na Bwana Ackroyd atainuliwa na nani?

Sikumwambia kuhusu gauni, kitambaa cha kijani,
sare ya harusi ya Nuswaiba,
na fundi wa Leicester aliyepiga simu mara mbili:
"Dada, hiki kipimo ni cha mkono au cha paja?"
Sikumwambia kuhusu picha ya shangazi Mwanshamba,
Korogwe, mashindano ya shule, tufe limekaa shingoni,
shavu limejaa pumzi, na mkono huu huu,
huu nilio nao, kwenye bega lake.
Walimwita Winchi. Aliitika.
Mimi wakaniita Winchi Mdogo
nikajifanya kiziwi hadi nikavuka bahari.

Waliosema mkono usioweza kuukata, ubusu,
walimaanisha mkono wa mtu mwingine.
Wangu nimejaribu kuubusu pia.
Midomo haifiki nyuma, pale penye duara.

Usiku wino ulikataa kutoka kwa sabuni.
Asubuhi nikapandisha mikono ya sare, nimesahau.
Bwana Ackroyd, fundi bomba wa miaka arobaini,
aliutazama mchoro nikiwa nimemshika kwapani,
moja, mbili.
"Wanapitisha bomba wapi?"
"Nyuma," nikasema.
Akafikiri, huku ananing'inia kati ya kitanda na kiti,
miguu yake myembamba ikitafuta zulia.
"Mwambie asiguse nguzo."

Fomu iko kwenye friji, chini ya sumaku ya nanasi.
Nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, mzio: hakuna.
Mstari wa sahihi nimeuacha, naupita nikienda kuchukua maziwa.
Jana nilimpigia fundi wa Leicester.
Ni cha mkono, nikamwambia. Kata kama nilivyoandika,
ongeza na sentimita mbili nipate kupiga makofi,
ila ndani acha mshono mpana,
tukija kuhitaji kupunguza.