Mla Nawe

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Sheffield.
Nimetoka zamu ya usiku jikoni hospitalini,
mikono bado inanuka mabaki:
viazi vya kupondwa, njegere zilizokataliwa.
Maureen Oxley ananisubiri darajani
na neti, na trei nyeupe, na mabuti ya marehemu mumewe
yanayonipwaya.

"Piga teke," ananiambia.
Napiga teke sakafu ya kijito, dakika tatu kwa saa yake,
mawe yanageuka, neti inapokea.
Tunamwaga kwenye trei, tunangoja tope litulie,
na wenye nyumba wanaanza kutembea.

Maureen haulizi majina.
Anauliza: huyu anakula vipi?

Uduvi, aogeleaye kwa ubavu, ni mchanaji.
Makao yake huku juu, chini ya mialoni,
ambako jua haliingii na mto unaishi kwa majani tu.
Lakini jani likianguka leo halimlishi mtu leo.
Lilale kwanza, liote ukungu, lilegee kama chapati ya juzi,
ndipo uduvi alichane;
na makombo yake (na mavi yake, niseme tu)
yanashuka na maji.

Chini kidogo, buu la usubi limejigandisha jiweni,
vipepeo viwili kichwani, wazi,
kama mtu anayekinga mvua kwa viganja.
Linachuja. Halijawahi kuuona mwaloni.
Kila tonge lake lilishatafunwa na mwingine.

Nyuma ya kituo cha mafuta miti inaisha,
jua linayafikia mawe, mawe yanaota utelezi wa kijani,
na kazi inabadili mikono: konokono,
mkwaruzaji, anapitisha ulimi wake kama msasa.
Maji yaleyale, jiko jingine.
Na kule kwenye mto Don, mpana, mzito,
ni minyoo ndani ya tope
wakipokea sahani zilizokwisha kulambwa.

Nimekua nikisikia: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.
Mama aliisema wageni wakishaondoka,
akikwangua ukoko wa sufuria,
fungu lake.

Novemba tulikuta majani yamejaa kwenye kidimbwi,
mazima. Mekundu, ya dhahabu, kama ya kadi ya posta.
Nikasema, Maureen, tazama!
Akaokota moja, akaliinua kwenye mwanga.
"Halina tundu," akasema. "Hata moja."
Teke, dakika tatu.
Treini mwetu: changarawe, kifuniko cha chupa,
uduvi wawili weupe waliojikunja.
Juu yetu palikuwa na bomba,
na mtu, mahali fulani, aliyeosha kitu tusichokijua.

Wiki zilizofuata usubi wakapungua kule chini,
ambako sumu haikufika.
Walikosa makombo, basi.
Yule ndege wa kifua cheupe atembeaye chini ya maji
alisimama kwenye jiwe lake, akainama, akainama tena,
akaenda zake.

Hapa, mama, mla nawe hufa nawe.
Hata asiyekujua.
Hata yule anayekula kilichokuponyoka tu.

Usiku nakwangua sahani. Wodi ya tisa hawakula.
Nasimama na kijiko mkononi kuliko inavyoruhusiwa,
nikimwaza anayesubiri chini ya bomba letu.

Machi, Maureen ananitumia picha, bila neno:
jani la mwaloni lililobaki mishipa tu, kama kimia,
na kupitia matundu yake
kidole gumba chake, chenye tope.
Nilicheka peke yangu ndani ya basi.
Bibi aliyekaa kando
akausogeza mfuko wake wa mkate.